Begi Jepesi Mlimani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa na watu niliotembea nao, na mengine niliyauliza mwenyewe nilipokuwa nimevimba mabega. Mfano ninaourudia sana ni safari ya siku tatu kwa miguu kutoka Lushoto kupitia Rangwi hadi Mtae, kwenye Usambara ya Magharibi, kwa sababu ndiyo njia ninayoijua vizuri. Kilimanjaro, Meru na mingine mirefu nitaigusa panapohitajika.

Begi likiwa na kilo ngapi ndiyo tunasema jepesi?

Wenzetu wa Marekani, waliolipatia jambo hili jina na mizani, hupima begi na kila kilichomo isipokuwa chakula, maji na mafuta ya jiko, maana hivyo vitatu hupungua kadiri unavyokwenda. Likiwa chini ya kilo 9, ni jepesi. Likiwa chini ya kilo 4.5, ni jepesi kupindukia. Mipaka hiyo haina siri yoyote: ni ratili 20 na ratili 10 zilizogeuzwa kuwa kilo.

Kwa Lushoto–Mtae, ambako unalala ndani ya nyumba kila usiku, kilo 4 hadi 5 zinatosha kabisa na hutakosa chochote. Ukiongeza hema na vyombo vya kupikia utafika 7 au 8. Ukivuka hapo, kuna kitu umekibeba ambacho hutakigusa.

Nianze kupunguza wapi?

Anza na mizani. Sina mizani nyumbani, kwa hiyo mara ya kwanza nilibeba begi hadi dukani kwa Mangi, yule anayetuuzia mchele na maharage pale mtaani. Alinitazama nikilipandisha juu ya mizani yake, akauliza: "Unahama?" Kilo 14 na nusu, kwa safari ya siku tatu.

Tukalifungua palepale, juu ya gunia la mchele. Jinzi mbili. Taulo nzito ya nyumbani. Mche mzima wa sabuni. Kopo la maziwa ya unga ambalo halijafunguliwa. Tochi ya betri tatu kubwa, zile ambazo kila moja ina gramu 140 hivi. Viatu vya akiba. Daftari la jalada gumu. Mangi akawa anapima kimoja kimoja kama anampimia mteja sukari, na kila alipotaja gramu niliona aibu kidogo. Mche wa sabuni tuliukata kipande cha kidole gumba. Jinzi zote mbili zikabaki nyumbani, na nikavaa suruali nyepesi ya polista. Begi lilishuka hadi kilo 9 kabla sijatoa hata senti moja. Mengine yote nitakayoyaeleza hapa chini hayajawahi kunipunguzia kilo tano kwa jioni moja kama ile.

Si lazima ninunue vile vifaa vya bei mbaya?

Hapana. Mwaka 1955 bibi mmoja wa Marekani, Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67, alitembea peke yake njia nzima ya milima ya Appalachia, kilomita zaidi ya 3,000. Alikuwa na mfuko wa kitambaa cha jinzi aliojishonea mwenyewe na kuutupia begani, raba za turubai miguuni, na pazia la bafuni la plastiki la kujikinga mvua. Hakuwa na hema wala begi la kulalia. Simshauri mtu amuige kwa kila kitu, lakini namkumbuka kila mtu anaponiambia hawezi kwenda mlimani kwa sababu hana begi la dola mia tatu.

Sisi tuna mitumba. Karume na Ilala jijini Dar, Memorial pale Moshi, Gikomba na Toi kule Nairobi: majaketi ya mvua, sweta za manyoya ya polista, hata mabegi ya mlimani yanashuka kwenye belo kila wiki. Moshi ndiyo kuzuri zaidi kwa vitu vya baridi.

Jaketi la mvua la mtumba nitalijuaje kama ni zima?

Hapa ndipo watu wengi wanapigwa, na mimi nilipigwa mara mbili. Nje jaketi linang'aa, muuzaji anakuapia kuwa ni grade one, na ukifika msituni linavuja kama kichujio cha chai.

Ligeuze ndani nje. Tazama utepe uliobandikwa juu ya mishono: ukiwa umebanduka au unakatika ukiukwangua kwa kucha, achana nalo. Papasa kitambaa cha ndani. Kikinata vidoleni kama peremende iliyolambwa, au kikianguka unga mweupe, utando wa kuzuia maji umeshaoza. Ule hausafishiki wala hauzibiki. Nusa pia, maana utando unaooza una harufu chungu fulani ambayo ukishaijua huisahau. Mwisho mwagia tone la maji mgongoni na mabegani, mahali mikanda ya begi inaposugua. Tone likienea na kuloweka nje tu, si kosa kubwa, dawa ya kupulizia inarekebisha. Likipenya hadi ndani, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Zipu ivute juu na chini mara tano. Zipu mbovu ndiyo iliyoleta jaketi hilo Afrika.

Khanga, kikoi na shuka la Kimasai vinafaa?

Khanga ndicho kifaa chepesi bora kilichowahi kubuniwa pwani hii, na sioni haya kusema hivyo. Moja yangu ina gramu 200 na kidogo. Ni taulo, shuka la kulalia, pazia la kubadilishia nguo, mto ukikunja sweta ndani yake, kitambaa cha kuchujia matope kwenye maji, na kombeo la mkono uliovunjika. Kikoi hufanya hayo yote lakini ni kizito zaidi. Shuka zito la Kimasai linaleta joto kweli, ila linajaza nusu ya begi.

Tahadhari ni moja: khanga ni pamba. Pamba ikilowa inashika maji, inachukua siku nzima kukauka kwenye ukungu wa Usambara, na ikikugusa mwilini inakunyonya joto. Kwa hiyo fulana ya pamba usivae kwenye baridi, na khanga isiwe tegemeo lako la joto. Vaa polista au sufu mwilini, khanga ibaki begini ikiwa kavu.

Begi lenyewe liwe la ukubwa gani?

Lita 30 hadi 40. Begi kubwa hujazwa tu, kama vile mshahara. Ukilala ndani kila usiku, hata begi la shule lenye mkanda wa kifuani linatosha.

Nivae buti au raba?

Raba za kukimbilia, zenye soli yenye meno, zinatosha kwa njia nyingi za kwetu. Buti la ngozi likiloana halikauki hadi urudi nyumbani. Raba hukauka ukiwa unatembea. Kilimanjaro usiku wa kuelekea kileleni ni habari nyingine: vidole vya miguu vinaganda, buti lenye joto na soksi nene ni lazima.

Rwenzori nayo ina sheria zake. Matope ya kule yanafika magotini, na waongozaji wenyewe huvaa gambuti. Aliyezoea njia kavu za Longido hushangaa, lakini baada ya bwawa la kwanza anaomba za kuazima.

Katambuga, zile ndala za matairi? Nimewaona vijana wa Kimasai wakinipita nazo huku wakiongea na simu. Miguu yao na yangu haikulelewa pamoja.

Nibebe hema?

Inategemea unalala wapi. Lushoto–Mtae hulihitaji: kuna nyumba za wageni, na Rangwi unapata kitanda na chakula kwa masista. Meru kuna vibanda viwili, Miriakamba na Saddle. Watu wanabeba hema la kilo tatu kwenda mahali penye kitanda kilicholipiwa, nimeliona hilo kwa macho yangu.

Ukilazimika kulala nje, yale mahema ya supamaketi huwa na kilo 2.5 hadi 3, basi mgawane: mmoja abebe nguo ya hema, mwingine vyuma na vigingi. Turubai jepesi na kamba ndiyo njia ya wanaopunguza gramu, na nililijaribu usiku mmoja kwenye ukingo wa msitu. Saa nane usiku niliamka nikidhani nimelalia upupu. Siafu. Safu nzima ilikuwa imeamua kupita chini ya turubai langu, na mimi nilikuwa njiani mwao. Nilitoka nikiwa na khanga tu, nikamalizia usiku nimesimama. Tangu hapo, msituni nataka sakafu iliyoshonwa na zipu inayofunga.

Baridi nitaikadiriaje kabla sijaondoka?

Kila mita 1,000 unazopanda, joto linashuka nyuzi 6 hivi. Lushoto mjini iko kwenye mita 1,400, kwa hiyo Tanga ikiwa na 28, pale juu tarajia 19 au 20 mchana, na usiku wa Juni na Julai utatafuta sweta mbili. Kileleni Uhuru, mita 5,895, usiku unashuka vizuri chini ya sifuri, kisha unaongezewa upepo.

Begi la kulalia la manyoya ya bata ni jepesi na linabana dogo, lakini likilowa ni kama kuku aliyenyeshewa. La nyuzi za kutengeneza ni zito zaidi ila linavumilia unyevu. Kwa milima yetu ya mvua nachagua la pili. Chini yake weka godoro la sponji lenye chembe zilizofungwa, lile lisilonyonya maji, kwa sababu ardhi ndiyo inayokuibia joto kuliko hewa. Mkeka ni mwepesi na mzuri, lakini kwenye ardhi ya baridi haukukingi na lolote.

Vitu vibaki vikavu vipi?

Kile kifuniko cha mvua cha juu ya begi kinapeperushwa na upepo na maji huingia kwa mgongoni. Bora kuziba kwa ndani. Tanzania mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, basi mimi natumia ule mfuko wa ndani wa kiroba cha sukari, ambao ni kifungashio. Ni mpana, mgumu, na muuza duka anakupa bure ukimwomba vizuri. Usichukue wa mbolea.

Ukienda Kenya kumbuka kwamba tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi, kwa hiyo nenda na chupa ya kudumu.

Chakula gani chepesi?

Swali zuri kuliko yote, maana hapa ndipo kilo zinapojificha.

Tazama kalori zilizomo kwenye gramu 100. Ndizi mbivu ina kama 90, na bado unabeba ganda. Tende zina karibu 280. Unga wa mahindi na mchele, 360 hivi. Karanga, 570. Mafuta ya kupikia yanakaribia 900. Mtu anayetembea siku nzima milimani akila gramu 600 hadi 700 za chakula kikavu kilichochanganywa hivyo, hatalala na njaa. Kashata ni chakula kamili cha mlimani: karanga na sukari, haimwagiki, haipikwi. Chapati hukaa siku mbili ukizifunga kwenye kitambaa. Dagaa wakavu wana uzito wa karatasi, na wakikaangwa na chumvi na ndimu kabla ya safari huhitaji kingine cha kulia ugali. Ila wafunge vizuri, la sivyo begi litanuka Mwanza.

Usibebe maharage makavu. Wengi hulaumu jiko, kumbe kosa ni la mlima. Maji yanachemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Kibanda cha Kibo, mita 4,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 84 au 85. Utachochea maharage hapo hadi gesi iishe, na bado yatagonga meno. Uji, tambi nyembamba na viazi vilivyokaushwa vinaiva.

Njia ya vijijini kama Usambara usibebe chakula cha siku tatu. Lukozi kuna soko, kila kijiji kuna mama anayeuza chai na maandazi, na matunda kule ni ya kwao. Kubeba matunda kwenda Lushoto ni sawa na kubeba nazi kwenda Tanga.

Na jiko?

Siku tatu za vijijini, huna haja. Ukilihitaji, jiko dogo la gesi la kuskurubu juu ya mtungi lina gramu 100 au chini, na sufuria moja ya bati inatosha watu wawili. Mtungi wa gesi huruhusiwi kupanda nao ndege, nunua utakakoshukia.

Maji nibebe lita ngapi?

Lita moja ni kilo moja, hakuna ujanja wa kuikwepa. Ujanja ni kujua vyanzo viko wapi. Usambara kuna vijito kila saa mbili tatu za mwendo, kwa hiyo nabeba lita moja na nusu. Longonot au Ol Doinyo Lengai ni pakavu, beba tatu au nne na uanze mapema. Lengai wengi huupanda usiku kukwepa jua.

Maji ya mto unaopita mashambani yatibu. Vidonge vya klorini vina uzito wa kibiriti. Vinataka nusu saa, na maji yakiwa na tope yachuje kwanza. Chujio dogo la kubana lina gramu chini ya 100 na maji unayanywa papo hapo. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: likishatumika, likaganda usiku, vijinyuzi vyake vya ndani vinapasuka na huwezi kuona kwa macho. Kambi za juu lilale nawe ndani ya begi la kulalia.

Simu, pawabenki, saa ya GPS: kipi nibebe?

Simu yako inatosha kuwa ramani, kamera na daftari. Pakua ramani kabla ya kuondoka, programu za OsmAnd na Organic Maps zinafanya kazi bila intaneti, kisha weka simu hali ya ndegeni. Kinachomaliza chaji mlimani ni simu kutafuta mnara usiokuwepo.

Pawabenki ya mAh 10,000 ina kama gramu 200 na inajaza simu ya kawaida mara moja na nusu hadi mbili. Namba ya kwenye boksi haifiki yote kwenye simu. Paneli ya jua ya kuning'iniza begini ni pambo tu kwa safari fupi, zaidi chini ya miti. Baridi nayo hudanganya betri: simu ikizima kwenye asilimia 30, iweke kwapani dakika kumi kabla ya kulia.

Kifaa changu nikipendacho ni kitochi. Ndiyo, kile kisimu cha vitufe. Kina gramu chini ya 100, chaji inakaa siku kadhaa, kina tochi, na kikianguka kwenye mawe unakiokota na kuendelea na maongezi. Nakibeba kimezimwa, na laini ya mtandao tofauti na ule wa simu kubwa.

Hata hivyo beba tochi ya kichwani. Huku kwetu jua linazama saa kumi na mbili na nusu na giza halibishi hodi.

Kilimanjaro wagumu, yaani wapagazi, ndio wanabeba. Kwa nini nihangaike na gramu?

Kwa sababu hizo gramu zinakwenda kichwani kwa mtu. Mzigo wa mgumu hautakiwi kuzidi kilo 20, na hupimwa getini. Katika hizo kuna hema, chakula, na begi lako. Nimewaona wageni na Watanzania wenzangu vilevile wakipakia pea tatu za viatu na spika ya muziki kwa sababu "si mimi nitakayebeba". Pakia kana kwamba utabeba mwenyewe hadi kambi ya Barafu, kisha mpe.

Choo kinakuwaje?

Chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, hatua 70 au zaidi kutoka kwenye maji, ufukie. Wapunguza gramu wa Ulaya siku hizi wananunua kifuniko maalumu cha kurushia maji kwenye chupa ili wasibebe karatasi. Sisi tuliolelewa na kopo tunatabasamu tu. Toboa kifuniko cha chupa ndogo, iwekee alama isichanganywe na ya kunywa.

Kitu gani nisikipunguze hata nikishawishika?

Jaketi la mvua, nguo kavu ya kulalia, tochi, filimbi, na dawa. Pakiti ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini ina gramu 20 na nusu kwa lita moja, beba mbili. Plasta za malengelenge, vidonge vya maumivu, na dawa zako mwenyewe kama unatumia. Jumla haifiki nusu kilo.

Fimbo mbili za kisasa au moja ya mwanzi?

Magoti yakiwa mabovu, mbili. Yakiwa mazima, mwanzi unatosha.

Nakwenda na mwanangu wa miaka kumi. Abebe nini?

Maji yake, sweta lake, jaketi lake la mvua na kashata zake. Filimbi mfunge shingoni. Begi lake lipime kwa Mangi mbele yake, atapenda. Acha nafasi kidogo kwenye lako, kwa sababu kufika Mtae atakuwa ameokota mawe, na hayo utayabeba wewe.